Mwalimu Aliyekataa Uso Kifuani

Mambo ya alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani wa huko milimani, sitayaandika. Kwanza siyajui vizuri, pili yanachosha. Nikisoma habari za mtu zinazoanza na babu yake huwa naruka kurasa. Mimi namjua Mwalimu kuanzia pale nilipomkuta: amesimama pembeni ya uwanja wa netiboli, jicho moja kalifumba, anaangalia soksi za wapinzani wetu.

"Zimelegea," alisema. "Hawa wanafungwa."

Hatukuwa tumeanza hata kupasha misuli. Na kweli tuliwafunga, ingawa sidhani kama ni soksi. Siku nyingine alitabiri hivyohivyo tukapigwa sisi, yeye akasema basi soksi zetu nazo zilikuwa na walakini. Kubishana naye ilikuwa kazi bure.

Alikuwa mwalimu wa sayansi kimu katika sekondari moja hapa Morogoro mjini. Darasani alifundisha mapishi na ushoni. Jioni alikuwa mlezi wa timu yetu ya netiboli, timu ya kiwanda cha kamba za katani. Sisi hatukumwita jina. Ni Mwalimu tu, hata mameneja wa kiwanda walimwita hivyo, hata kondakta wa basi. Na yeye hakutuita majina. Alituita kwa herufi tulizovaa uwanjani. Mimi nilikuwa "wewe C", maana nilicheza senta. Nilipomaliza kidato cha nne na majibu kuja ya kuchekesha, nilipata kibarua kiwandani kwa sababu hiyo moja tu, kwamba nacheza senta.

Sasa mtu atasema mlezi wa timu anajua mchezo. Huyu hakuujua. Nasema ukweli mtupu. Mpira ukiingia golini alikuwa ameinama anaangalia pindo la sketi ya mtu. Tukimuuliza ngapi ngapi, anamuuliza aliye karibu. Wapinzani wakija na marinda yaliyopigwa pasi vizuri aliwapigia makofi, sisi tukiwa nyuma kwa magoli, kocha anauma filimbi kwa hasira. "Kizuri kisifiwe," anamwambia. Kocha alisema afadhali timu ingelelewa na kuku.

Lakini kwenye kuvaa, hapo huna la kumwambia. Alikuwa na maneno yake, na aliyasema kama vile yameandikwa kwenye katiba. Timu inaanzia kwenye soksi. Kola ikilala, na mtu kalala. Asiyevaa sawa na wenzake hajaja, hata kama namwona. Na lile kubwa kuliko yote: sare ni ahadi, msimpe mtu mwingine aitoe kwa niaba yenu. Hili la mwisho nilikuwa nalisikia tu. Nilikuwa na miaka ishirini kasoro, nilitaka tucheze, tushinde, tupande basi twende zetu.

Nembo ya timu aliichora yeye. Kabla yake timu ilikuwa na nembo ya zamani iliyochorwa na uongozi wa kiwanda. Ilikuwa na gurudumu lenye meno, jembe, mwenge, mlima wa Uluguru, mkonge, na mkono umeshika kamba, halafu vyote vimezungushiwa maneno. Mwalimu alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Hii ni nembo au duka la ushirika?" Akakaa nayo nyumbani kwake Kilakala, akafuta kimoja kimoja, akabakiza fundo la kamba. Fundo moja nene, la njano, hakuna neno hata moja.

Meneja akamuuliza, "Mwalimu, sasa maendeleo umeyaweka wapi?"

"Maendeleo watayaonyesha uwanjani. Hapa nimefunga fundo tu."

Alikuwa na jaribio lake. Anatundika jezi kwenye kamba ya nguo uani, anamtuma mmoja wetu ashuke mpaka ng'ambo ya korongo, halafu anapaza sauti, "Unaona nini?" Ukijibu naona kitu cha njano, haijapita. Ukijibu naona fundo, imepita. Hata akina mama waliokuwa wanateremka na ndizi kutoka Kinole aliwasimamisha. Wengine walidhani ana matatizo. Mama mmoja alimjibu kwa lafudhi nzito ya mlimani, "Mwalimu, mie naona nguo yako haijakauka," akaendelea na safari yake. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Alituhadithia hilo mara nyingi sana kupita kiasi.

Rangi pia alichagua yeye. Uongozi ulitaka nyeupe, eti inapendeza pichani. Mwalimu akawapeleka uwanjani, akachota udongo ule mwekundu akaupaka kwenye leso nyeupe ya meneja. Leso mpya. "Sasa fua," akamwambia. Tukavaa damu ya mzee, fundo la njano, soksi damu ya mzee. Vumbi lilikuwa likitupata linapotea humohumo. Wenzetu waliovaa nyeupe walionekana mapumziko kama wametoka kuchimba kisima.

Miaka ile rangi zilianza kuwa na maneno. Vyama vikawa vingi, na kila chama na rangi yake, na kila mgombea na kanga zake na fulana zake. Mwalimu alizipokea zote bila ubaguzi, akaenda nazo nyumbani, akazikata vishikio vya masufuria. Akafundishia darasa zima. Mwenyekiti mmoja wa mtaa alipoona uso wa mgombea wake umeshika sufuria la maharage alinuna. Mwalimu akamwambia, "Anatumikia wananchi." Fulana moja tu hakuikata. Aliificha. Nilipomuuliza akasema kwa aibu kidogo kwamba kola yake imeshonwa vizuri mno, hana moyo wa kuigusa mkasi.

Na yeye mwenyewe je, alivaaje? Vibaya. Gauni limepauka, juu koti la kiume, chini kandambili, moja ya bluu na moja ya kijani kwa sababu pea zake mbili zilikatika upande mmoja mmoja. Mkononi mkoba wa shirika la ndege, na ndege hajawahi kupanda. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamwambia, Mwalimu, wewe unatusumbua na soksi, mbona wewe uko hivi?

"Mimi siyo timu," alinijibu.

Alikuwa na ubaya wake, nisije nikaonekana namchora malaika. Mfungaji wetu aliwahi kuja na uzi unaning'inia kwenye pindo. Uzi! Mwalimu akamweka benchi robo nzima ya mchezo, akishona. Tulifungwa siku ile, na mpaka leo nasema lilikuwa kosa lake, na nilimwambia palepale. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Umemaliza? Haya, vuta soksi."

Halafu kuna habari ya vijana wa mpira wa miguu wa mtaa wa pili. Mitumba ilishajaa soko zima tangu ruksa ya kuingiza bidhaa, na vijana wakafungua robota moja wakakuta jezi zinazofanana, seti nzima, nyekundu zinameremeta, na maandishi ya kizungu kifuani na kidude kama mjusi anachungulia bomba. Wakaamini ni klabu kubwa ya Ulaya. Wakatembea nazo mtaani vifua mbele. Mwalimu akasimama, akavaa miwani, akasoma.

"Wanangu, hii ni kampuni ya kuzibua vyoo."

"Aaa, Mwalimu, acha hizo!"

"Imeandikwa hapa. Usiku na mchana, piga simu tuje tuzibue."

Mtaa ulikufa kwa kicheko. Nilidhani vijana watazichoma. Wapi. Hawakuwa na nyingine. Wakacheza nazo, na mashabiki wakaanza kuwatania, "Zibua! Zibua!" Vijana wakapandwa na hasira wakazibua kweli, wakashinda mechi mfululizo, mpaka ikawa ndiyo jina lao, Zibua. Nilitegemea Mwalimu aendelee kuwacheka. Yeye akaenda kuwaambia wakimpata fundi wa kuchora, wamwongezee mjusi wao macho, sasa ni wao. "Wameitolea jasho," alisema. Hapo nilichanganyikiwa. Nilidhani msimamo wake ni kwamba nembo ya wengine haivaliwi. Kumbe haikuwa hivyo, ila ilichukua uso wa mtu mzima kifuani kwangu ndiyo nikaelewa.

Kiwanda kilifungwa. Walisema kinatafutiwa mnunuzi, mnunuzi akatafutwa weee. Kibarua changu kikaisha, na wenzangu vilevile. Timu ikabaki, lakini sare zikaanza kuyeyuka. Mmoja kaolewa Ifakara kaondoka nayo, mwingine kamkatia mtoto kaptula. Siwalaumu. Mwisho tulikuwa na sketi zisizotosha wachezaji saba.

Na hapo ndipo mashindano ya kanda yakatangazwa, Dodoma. Nieleze vizuri, maana mtu wa leo hataona uzito wake. Mashirika makubwa ya Dar yalikuwa na timu za netiboli, na watu wao walikuja kwenye mashindano kama yale kuangalia wachezaji. Wakikupenda wanakuajiri. Kazi ya kweli, ya mezani, mchana uko ofisini jioni uko uwanjani. Kwa msichana wa kidato cha nne mwenye majibu kama yangu, na kiwanda kimefungwa, Dodoma ndiyo ulikuwa mlango pekee. Na kanuni zilisema timu isiyo na sare kamili haingii uwanjani. Basi.

Akatokea Mtani.

Mtani alikuwa Mnyamwezi, katoka Tabora miaka mingi, anatengeneza sabuni za mche pale Msamvu karibu na stendi ya mabasi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, kwa hiyo mji mzima ulimwita Mtani, naye akaona bora biashara yake aiite hivyohivyo: Sabuni ya Mtani. Nembo yake ilikuwa uso wake mwenyewe, masharubu na yote, anacheka. Ulikuwa kwenye kila karatasi ya sabuni mpaka Kilosa.

Alikuja kwa Mwalimu na soda kreti zima. Tulikuwepo wote, tumekaa uani. Akasema atatoa sare mpya, mipira, na nauli ya Dodoma. Timu iitwe Mtani Kwinzi. Na hapa, akajigonga kifuani, iwekwe nembo ya sabuni.

"Nembo ipi?" Mwalimu akauliza, utadhani haijui.

"Uso huu, Mluguru. Unauona ulivyo mzuri?"

"Nauona. Huo uso hata mkeo hajauweka kifuani, mla michembe ya viazi wewe. Leo uuweke kwa mabinti zangu?"

"Mwalimu, dunia imebadilika. Ninyi wenye mguu mmoja mfupi kwa kupanda milima hamjui biashara. Sasa hivi ni matangazo!"

"Tangaza kwenye mbuzi wako."

Tulicheka, lakini mimi roho ilikuwa juu. Nikasema mbele ya wote, Mwalimu, mashindano ni mwezi ujao. Bila sare hatuchezi. Uso ni kitambaa tu, tuvae twende. Kapteni wetu Tekla, msichana mrefu kutoka familia ya wakulima wa mboga, mpole kuliko sote, alikuwa anaangalia soda yake. Wengine wakaniunga mkono.

Mwalimu alituangalia mmoja mmoja, kwa herufi zetu nadhani. "Mnataka?"

"Tunataka," tukasema.

"Haya. Miili ni yenu. Vaeni muone."

Sare zikaja kutoka Dar, zimeshonwa tayari. Kijani ya kuwaka. Uso wa Mtani ulikuwa mkubwa kama sahani ya wali, umetandaa kifua kizima, na kwa kuwa umekula nafasi yote, zile herufi za mchezaji zimeshushwa tumboni. Ukivaa, masharubu yanakaa mahali ambapo sitapaandika. Siku ya kukabidhiwa tulicheza mechi ya kirafiki na wasichana wa sekondari. Afisa michezo wa mkoa alikuwa mgeni rasmi. Watu walijaa.

Tulipoingia tu, vijana waliokuwa pembeni wakaanza. Mmoja akainama mbele ya Tekla, macho yake sawasawa na kifua chake, kwa adabu zote:

"Shikamoo, mzee."

Akafuata mwingine. "Shikamoo mzee, habari za huko?" Mwingine akanyoosha mkono eti amsalimie mzee kwa mkono. Kila tulipopita karibu na mstari, shikamoo, shikamoo. Uwanja mzima unacheka. Na mimi niliyesema ni kitambaa tu, nilikuwa nakimbia mabega nimeyakunja kama mtu mwenye baridi. Tekla alicheza mkono mmoja umekaa kifuani. Netiboli haichezwi hivyo. Mpira unakuja, yeye anaudaka kwa mkono mmoja, unamponyoka. Watoto wa shule wakatufunga watakavyo. Mtani mwenyewe hakuona kitu. Alikuwa jukwaani amekaa na mgeni rasmi, anapunga mkono.

Baada ya mechi Tekla alivua ile jezi nyuma ya ukuta wa choo cha uwanja, akavaa kanga yake, akasema yeye Dodoma haendi. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayekataa chai. Na bila Tekla hakuna timu.

Nilitegemea Mwalimu atasema niliwaambia. Hakusema. Alikusanya zile jezi zote, akazikunja uso ndani, akauliza, "Nani kati yenu ana mama au shangazi anayejua kulia msiba vizuri?"

Tulidhani kachanganyikiwa.

Kwa asiyejua: mtani ana haki ambazo mtu mwingine hana. Kwenye msiba wa mtani wako unaweza kumwigiza marehemu, ukalalia jeneza, ukazuia maziko mpaka wafiwa wakulipe kuikomboa njia, na hakuna wa kukukasirikia. Akikasirika kajiaibisha yeye. Mwalimu alikuwa Mluguru, Mtani ni Mnyamwezi, haki ilikuwepo. Ila msiba haukuwepo. Mama mmoja wa makamo aliposikia mpango alikataa katakata: "Kumlilia mtu mzima mzima ni uchuro, Mwalimu."

"Hatumlilii yeye. Tunaulilia uso. Uso umefia kifuani kwa watoto, mliuona wenyewe."

Asubuhi tukaenda Msamvu. Wakati mabasi ya bara yamejaa na abiria wanazubaa wanasubiri, ndiyo muda aliouchagua. Mbele ya duka la sabuni akatandika mkeka, akazilaza jezi juu yake, akazifunika kanga, akakaa chini na koti lake la kiume na kandambili zake. Halafu akapiga ukunga. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Akina mama wakapokea.

"Uso wa mtani weee! Umetuacha!"

"Ulikuwa unacheka, umekufa unacheka!"

"Umekufa kwa kusalimiwa! Shikamoo zimemuua mtani wetu!"

Abiria wakashuka kwenye mabasi. Wapiga debe wakavua kofia, wengine kwa kweli wakidhani kuna maiti. Mama mmoja msafiri aliweka sarafu kwenye mkeka, akauliza marehemu alikuwa na umri gani. Sisi wachezaji tumekaa nyuma, tumejifunika kanga, nusu tunacheka nusu tunaogopa. Maana mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: huyu mwanamume akikasirika, Dodoma imekwenda. Sare hakuna, nauli hakuna, na mimi nitauza nyanya maisha yangu yote.

Mtani akatoka dukani. Mikono ina sabuni mpaka kwenye viwiko. Akaangalia mkeka, akaangalia umati, akamwangalia Mwalimu. Masharubu yalikuwa yanacheza. Wapiga debe wakasogea karibu.

"Nani kafa?" akauliza.

"Uso wako, mtani," Mwalimu akamjibu, bado amekaa chini. "Tumeuleta kwenu. Hatuzuii maziko, ila uukomboe."

"Umekufa kwa nini?"

Mwalimu hakuweka utani hapo. Akasema kwa sauti ya kawaida, ya darasani, "Mabinti wamesalimiwa vifua uwanja mzima. Mmoja kacheza mkono kifuani. Wewe una binti, mtani. Ulikuwa unapunga mkono."

Nilimwona anaelewa. Uso wake, ule wa kweli, ulishuka. Halafu, Mungu ambariki, akapiga magoti pale kwenye vumbi, akajishika kichwa na mikono yake yenye sabuni, akalia kuliko akina mama wote: "Uso wangu weee! Mzuri vile!" Stendi nzima ikalipuka. Watu walinunua sabuni siku ile kama inagawiwa bure.

Majadiliano yalifanyika palepale juu ya mkeka. Mtani alikubali kuukomboa uso wake kwa majora ya kitambaa cha tetroni, damu ya mzee, tushone wenyewe, na nauli ileile ya Dodoma. Lakini alikuwa mfanyabiashara, akauliza, na mimi nitapata nini? Mimi nilidhani Mwalimu atasema huna kitu. Akasema:

"Mgongo."

"Mgongoni nani ataona?"

"Anayefungwa. Binti akimkimbia mpinzani, mpinzani anabaki anaangalia nini? Mgongo. Atasoma jina lako mpaka mechi inaisha. Herufi tupu, mtani. Uso baki nao nyumbani, mama watoto anauhitaji."

Mtani alifikiri. Akamwita kijana wake wa dukani, akamwambia ageuke, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia mgongo ule kwa jicho moja. "Mluguru huyu," alisema, "kama angekuwa na akili angekuwa Mnyamwezi."

Tulishona nyumbani kwa Mwalimu, cherehani mbili, moja ya kuazima. Fundo la njano kifuani, herufi ya mchezaji mahali pake, na mgongoni chini ya herufi, jina la sabuni. Tekla alivaa yake ya kwanza, akajiangalia kwenye kioo cha kabati, akainua mikono yote miwili juu kama anadaka mpira. Akaishusha, akaiinua tena. Mwalimu alikuwa anatafuta sindano chini ya meza ambayo sidhani kama ilianguka.

Dodoma hatukuchukua kombe. Tulikuwa wa tatu, na wale wa pili walituonea. Lakini bwana mmoja wa shirika la Dar alikuja kututafuta mabwenini, majina yetu hayajui, akauliza, "Yule senta wa damu ya mzee, mwenye fundo, yuko wapi?" Kanipata. Tekla pia walimtaka, akakataa, akasema ana shamba la mama yake la kabichi, na nadhani ana furaha kunizidi. Mimi nikaenda. Mpaka leo mezani kwangu nimewekewa simu.

Mwaka jana tulikuwa tunapita na timu ya shirika kwenda Dodoma, gari likaharibika pinioni hapo Morogoro. Dereva akasema mpaka jioni. Nikachukua bajaji moja kwa moja mpaka kwa Mwalimu. Nyumbani hakuwepo. Jirani akaniambia angalia uwanjani.

Alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Kastaafu, kakonda, macho yana ukungu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono akaupapasa mpaka kwenye kiwiko. "C," alisema. "Umenenepa." Nikamletea kiti kingine tukakaa.

Uwanjani kulikuwa na timu ya wasichana wadogo wanafanya mazoezi. Walivaa pinki na bluu bahari. Kifuani wana taji, taji lina mabawa, chini ya mabawa kuna mpira unawaka moto, na kuna nyota, nadhani tano. Wanaitwa Kwinzi wa kitu fulani. Nikaulizia timu yetu. Akasema ndiyo hiyo.

"Hiyo? Na fundo liko wapi?"

"Lipo kabatini."

"Mwalimu! Nani kawaruhusu kubadilisha?"

"Kwani la nani?"

"Lako! Letu!"

"Ninyi mmeshaondoka." Alikuwa anaangalia upande wao, sijui anaona kiasi gani. "Hebu niambie, wamevaaje? Mimi naona maua tu."

Nikamwambia yote. Taji, mabawa, moto, nyota. Nilitia chumvi kidogo ili akasirike. Aliguna kila nilipotaja kitu, kama mtu anayebanwa tumbo.

"Na soksi?"

"Kila mtu za kwake."

"Yesu na Maria," alisema.

"Sasa si uwaambie? Ukiwaambia watakusikiliza."

"Nani kawanunulia hizo nguo, unajua?"

Sikujua.

"Wamepika vitumbua, wakauza sokoni. Bwana mmoja wa kampuni ya simu alikuja na fulana za bure, na kofia. Wakamwambia asante, sisi tunashona zetu. Sikuwepo, nimehadithiwa." Akavuta koti lake. "Mbaya mno hiyo nembo, C. Unavyonieleza inatisha. Hata korongoni haifiki."

"Ndiyo nasema uwaambie."

"Ngoja waniulize."

"Na wasipokuuliza?"

Nilitaka kuendelea, nilikuwa na hoja zangu tayari, lakini kapteni wao alikuwa anakuja anatukimbilia, kitoto cha miaka kumi na sita hivi, jasho linamtoka, lile taji linapanda na kushuka kifuani. Akasimama mbele yetu, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni mama zangu. Samahani, viti vyenu vimekanyaga mstari. Naomba msogee nyuma."

Nilifungua mdomo nimwambie huyu ni nani, mstari ule alianza kuuchora nani. Mwalimu akaniminya paja, kwa nguvu kweli. "Marahaba, mwanangu," akamwambia. Akainuka taratibu, akanipa mkoba wake nimshikie, akabeba kiti chake mwenyewe, akakirudisha nyuma mpaka yule binti aliposema hapo panatosha.